Mpaka Mjomba Aseme Zimeoana

Kuna watu wabahili wa pesa, na kuna wabahili wa chumvi. Mjomba wangu ni bahili wa neno moja tu: zimeoana.

Usinielewe vibaya. Maneno mengine anayo na anayamwaga. Akikosa penseli yake, ambayo kila siku iko juu ya sikio lake mwenyewe, utasikia maneno ambayo shuleni hatukufundishwa. Lakini hilo moja amelifungia ndani. Huko nje watu wanalitumia wanavyotaka. Shati na suruali zimeoana. Rangi ya ukuta na pazia zimeoana. Maelezo ya mtuhumiwa na ya shahidi hayaoani. Mfuniko na sufuria, ufunguo na kufuli, sauti ya kwanza na ya pili kwenye kwaya, vyote vinaoana. Mjomba akisikia hivyo anatikisa kichwa kama mtu aliyeona mkate unatupwa jalalani. "Mnalichakaza," anasema. "Siku mtakayolihitaji mtalikuta halina makali."

Siku ya harusi ya dada yangu, wageni wote walikuwa wanasema jinsi maharusi walivyooana, yeye mrefu, huyu mrefu, yeye anacheka, huyu anacheka. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi akamgeukia mjomba: "Wameoana kweli, au siyo, fundi?"

Mjomba akawatazama maharusi juu mpaka chini, akafumba jicho moja kama anayekagua ubao uliopinda, akasema, "Tusubiri mvua inyeshe kwanza."

Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alimnunia wiki mbili.

Sasa nikueleze karakana yetu inavyofanya kazi, maana bila hilo utadhani nilikuwa nasumbuliwa na mzee mkorofi tu. Sisi hatuanzi na gundi. Kila ulimi wa ubao unachongwa, unaingizwa kwenye tundu lake kavukavu, bila gundi, bila msumari, mpaka kitu kizima kinasimama chenyewe. Halafu mjomba anakuja. Anapangusa mikono kwenye suruali, anatoa kwenye mfuko wa shati kipande cha kalenda ya mwaka jana, ile ya karatasi ngumu inayong'aa, ambayo tarehe zimepangwa kwenye mstari mmoja chini, moja hadi thelathini na moja, kama watoto kwenye foleni ya chanjo. Ameukata mstari huo ukiwa mzima. Kisha anajaribu kuipenyeza kwenye kila kiungo.

Karatasi ikiingia, anaangalia imezama mpaka tarehe ngapi.

"Bado. Tarehe tano."

Basi. Anaondoka. Hasemi wapi ulikosea, hasemi kwa nini, hasemi pole. Unavunja, unaanza upya. Karatasi ikikataa kila mahali, anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, ndipo anasema zimeoana. Hapo ndipo gundi inafunguliwa, na gundi ikishaingia hakuna kurudi. Ukikosea baada ya hapo, umemkosea mteja na mti pia.

Stuli yangu ya kwanza, karatasi iliingia mpaka tarehe ishirini na sita. Msumari, fundi mwenzetu aliyekaa pale miaka kumi na tisa, akaja kuangalia, akapiga mluzi.

"Msomi," akaniambia, "hiyo si stuli. Huo ni mshahara unaokaribia."

Tunamwita Msumari kwa sababu angeachiwa yeye, kila kitu kingepigwa misumari, hata uji. Na mimi ananiita Msomi kwa sababu nina cheti cha sekondari, na kwa sababu wiki ya kwanza nilipima ubao kwa kutumia kanuni ya pembetatu, nikaukata mfupi.

Cheti hicho ndicho kilichoniletea matatizo. Mama alikuwa hapendi. "Sikukusomesha uje kuokota maranda," alisema. Shangazi ana duka la fotokopi, alikuwa ananitaka nikakae pale, kwenye kiti cha kuzunguka, na feni. Mimi fotokopi sina ugomvi nayo, lakini ile mashine kazi yake ni kutoa vitu vinavyofanana. Vinavyofanana na vinavyooana ni mambo mawili tofauti. Ulimi ukifanana na tundu, vitaingiana vipi?

Nililia, nikasusa kula mara mbili (mara ya pili ilikuwa maharage, kwa hiyo haihesabiki), mpaka mama na mjomba wakakubaliana. Miaka miwili. Ndani ya miaka hiyo mjomba akisema zimeoana juu ya kazi niliyoifanya peke yangu, mimi ni fundi, mama hatatia neno tena. Asiposema, ninakwenda kwa shangazi. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, tarehe thelathini.

Kufika mwezi ule, nilikuwa nimeambiwa bado mara mia moja na arobaini na tatu. Nilikuwa nazihesabu ukutani nyuma ya mlango, kama mfungwa.

Katikati ya mwezi uliotangulia mjomba alinipa kabati la droo tatu, la mbao nyekundu. "Lako," alisema. Mwenye kuliagiza alikuwa Mwalimu Mkuu mstaafu, mama wa miaka sabini na ushee ambaye amefundisha nusu ya mtaa, mjomba akiwemo. Nyumbani kwake ana meza yetu ya miaka thelathini na viti ambavyo wajukuu wameruka juu yake wakashindwa kuvivunja. Hajawahi kununua kwingine. Anachouliza ni kimoja tu: mzee amesema zimeoana? Akiambiwa amesema, analipa, anabeba.

Nilifanya kazi wiki sita. Nilichonga kila kiungo kama ninayechonga jina langu. Nilikuwa nimepigwa na ile karatasi kwa miaka miwili, sasa nikaapa: safari hii haitaona pa kuingia. Si kwenye viungo, si kwenye droo, si popote.

Alhamisi, tarehe ishirini na nane, jua linachoma mpaka bati linalia, nikamwita. Akapangusa mikono. Akapitisha karatasi kwenye viungo vya juu: imekataa. Vya chini: imekataa. Mgongoni: imekataa. Moyo wangu ulikuwa unapiga randa. Kisha akafika kwenye droo. Akajaribu kuingiza karatasi pembeni mwa droo ya juu, kati ya droo na fremu.

Imekataa. Haikuingia hata tarehe moja.

Msumari akaacha kazi. Mimi nilishaanza kupanga nitakavyoruka.

"Bado," akasema mjomba.

"Mjomba! Karatasi imekataa!"

"Imekataa," alikubali.

"Sasa?"

"Ndiyo hivyo." Akairudisha karatasi mfukoni, akaenda kunywa chai.

Nilibaki nimeshika tupa kama mwizi aliyeshikwa bila kujua ameiba nini. Msumari akanipa pole. "Yule mzee," akanong'ona, "hata malaika wakija na mbawa zao atazipitishia karatasi."

Mchana ule mvua ikaanza. Ikanyesha Alhamisi mpaka jioni, ikanyesha Ijumaa kutwa, mvua ile ya kushuka bila haraka, kama mgeni aliyekuja na begi kubwa. Na mimi nikaona jambo ambalo sikumwambia mtu. Alhamisi droo zangu zilifunguka kwa mkono mmoja. Ijumaa asubuhi, mikono miwili. Ijumaa alasiri, mikono miwili na mguu juu ya fremu.

Nifanyeje? Nilichukua kipande cha sabuni pale kwenye karai la kunawia, nikazisugua droo ubavuni moja moja. Zikateleza kidogo. Kabati zima likawa linanukia kama mtu aliyetoka kuoga kwenda posa. Nikaenda zangu nyumbani, nikajiambia kesho jua litawaka.

Halikuwaka.

Sasa hapa inabidi nikuambie kitu ambacho mimi mwenyewe nilikijua baadaye, ili usije ukahangaika bure. Meno ya juu ya mjomba ni ya bandia. Alipowekewa, alirudi kwa daktari wa meno mara nne na kipande cha kalenda mfukoni. Kila daktari akimwambia yamekaa vizuri, mjomba anapenyeza karatasi kati ya meno na ufizi, anasema "bado, tarehe moja." Mara ya nne daktari alimpa kijitupa akamwambia, mzee, malizia mwenyewe. Akamalizia. Yakakaa.

Tatizo lake ni kwamba akipiga randa, vumbi linaingia chini ya meno, linamsumbua kama kokoto kwenye kiatu. Kwa hiyo anayavua, anayaweka kwenye kikombe cha bluu kinachokaa dirishani. Jumamosi ile, kopo la gundi la Msumari lilikuwa limetoboka, na Msumari, kwa akili zake, akawa amehamishia gundi kwenye kikombe cha bluu. Mjomba akaangalia ndani ya kikombe. Akaangalia meno yake. Akayafunga kwenye leso, akafungua droo ya juu ya kabati langu kwa kuivuta mara tatu, akayaweka humo, na akaisukuma kwa nyonga.

Droo ikaingia, ikatoa pumzi ndefu, fyuuu, kama bibi anayekaa kitako baada ya safari. Haikufunguka tena.

Mimi nilikuwa uani nahamisha mbao chini ya bati linalovuja. Nilichosikia ni mlango, na sauti ya kiatu chenye kisigino.

"Hodi wenyewe!"

Mwalimu, aliyekuwa aje kuchukua kabati lake saa sita, alikuwa amekuja saa nne. Nyuma yake, chini ya mwavuli huohuo, alikuwa mama yangu. Walikutana njiani. Mama alikuwa amevaa nguo nzuri, za kwenda kumpeleka mtu mahali.

Nikaingia mbio, nikasalimia wote. Mjomba alikuwa amesimama mbele ya kabati, ameshika mpini wa droo ya juu kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Alipomwona Mwalimu, akaachia mpini, akafunga mdomo hivi, *mmp*, kama kopo.

Lazima umwelewe. Huyu ndiye mama aliyekuwa anamwambia "simama usome" mbele ya darasa zima miaka arobaini na tano iliyopita. Mjomba anaweza kumbishia diwani, anaweza kumfukuza mteja mwenye gari mbili. Lakini kufungua mdomo mtupu mbele ya Mwalimu, asikike kama mtoto anayeng'oka meno ya utoto? Heri afe.

"Fundi, hujambo?" Mwalimu akauliza.

Mjomba akainamisha kichwa kwa heshima kubwa.

"Naona umekuwa mpole," akasema Mwalimu. "Kabati langu ndilo hili? Jamani, limependeza! Na linanukia."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama paa.

"Mzee amesemaje?" Mwalimu akauliza. "Zimeoana?"

Mjomba akanyoosha kidole kwenye kabati. Akakigonga kwenye droo ya juu. Akagonga kifua chake. Akaonyesha mdomo wake. Akanyoosha tena kidole kwenye droo, macho yamemtoka.

"Anasema nini huyu?" mama akauliza. "Mdogo wangu, umemeza nini?"

Msumari, mtu wa kusaidia pasipo kuombwa, akaruka katikati. "Aaa, mimi namwelewa. Miaka kumi na tisa namwelewa. Anasema hivi: kabati hili," akagonga droo, "limemgusa moyo," akagonga kifua, "mpaka amekosa la kusema!" Akaonyesha mdomo. "Zimeoana! Mzee amekubali! Zimeoana!"

Mjomba akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Ona, na machozi yanamlenga," Msumari akasema. "Zimeoana, Msomi! Hongera!" Na tayari alikuwa ameshika kikombe cha bluu mkono mmoja na brashi mkono mwingine.

Mama akaweka mwavuli chini. Uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuitegemea. Nikaona kwamba moyoni, kumbe, na yeye alikuwa hataki sana lile duka la fotokopi. "Kweli?" akasema polepole. "Amekubali? Siku yenyewe ya mwisho?" Akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha majaribio.

Mimi nilisimama pale katikati ya kigelegele na gundi. Niseme ukweli: nilikitaka. Miaka miwili nilikuwa nakisubiri kitu hiki, na sasa kimenijia chenyewe, mguu juu ya mguu, na sikuwa nimedanganya mtu. Msumari ndiye aliyesema. Mjomba ndiye aliyenyamaza. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kimya tu, na kukaa kimya ni kazi nyepesi kuliko zote, hata Msumari akijitahidi angeiweza.

Mwalimu akashika mpini wa droo ya chini, akavuta. Ikaja kwa kujivuta. Akashika ya katikati. Ikaja kwa kulalamika. Akashika ya juu, akavuta, akavuta tena.

"Hii ngumu," akasema.

"Mpya ndivyo zilivyo, Mwalimu," Msumari akasema. "Inaona haya. Itakuzoea."

Mwalimu akacheka. Kisha akanigeukia mimi, si Msumari, si mjomba. "Wewe binti. Wameniambia wewe ndiye uliyelitengeneza. Mimi sijui mbao. Ninachojua ni lile neno lenu, ndilo ninalolipia. Niambie wewe: zimeoana?"

Mama ananitazama. Msumari ameinua brashi, tone la gundi linaning'inia. Mjomba naye ananitazama, mdomo umefungwa, macho kama anayetaka kuandika barua kwa kope.

Akilini nikamwona Mwalimu asubuhi moja ya mvua, peke yake chumbani, miaka sabini na ushee, anahangaika na droo yenye dawa zake, mguu juu ya fremu.

"Bado," nikasema.

Gundi ikadondoka kwenye kiatu cha Msumari.

"Bado nini?" mama akasema.

"Bado hazijaoana. Viungo vimeoana, droo hazijaoana. Zimekamatana. Tangu juzi mvua ilipoanza zinavimba. Nimezipaka sabuni ili zisionekane. Ndiyo harufu hiyo." Nilisema haraka haraka kabla ujasiri haujaisha. "Samahani, Mwalimu. Leo hulichukui."

"Mwanangu," mama akasema kwa sauti ya chini, "unajua leo tarehe ngapi?"

"Thelathini."

"Na bado unasema bado?"

"Mama, na wewe usinichanganye, nitalia."

Nikachukua nyundo ya mbao na kipande cha gogo. Kwa kuwa hakuna tone la gundi lililoingia, ubao wa juu wa kabati ulikuwa umeshikwa na ndimi zake tu. Nikagonga kona hii, nikagonga ile, wiki sita zangu zikaanza kulegea mbele ya macho yangu. Mjomba akaja mbio kunisaidia. Nikashangaa, maana hajawahi kumsaidia mtu kuvunja. Alikuwa anagonga kwa furaha ya ajabu. Tukauinua ubao wa juu, tukauweka kando, na droo ya juu ikabaki wazi kutoka juu kama sanduku.

Ndani mlikuwa na leso.

Mjomba akapeleka mkono, lakini aliyefundisha miaka thelathini na nane hashindwi kuwahi kitu kilichofichwa kwenye dawati. Mwalimu akaikwapua, akaifungua kiganjani. Meno ya juu, kumi na manne, yakatuchekea sote.

Mama akapiga yowe. Msumari akarudi nyuma, akakanyaga gundi yake.

Mwalimu hakushtuka. Aliyainua juu kidogo, akatuzungushia macho mmoja mmoja, na kwa sauti ileile ambayo nadhani ilikuwa inatetemesha madirisha ya darasa, akauliza: "Ya nani haya?"

Naapa kwa cheti changu cha sekondari: mjomba alinyoosha mkono.

Akapewa. Akageukia ukuta, akayafuta, akayavaa, akatafuna hewa mara mbili, akageuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nikadhani umepatwa na kiharusi, kumbe umepatwa na haya. Mimi haya yangu yote ni ya plastiki, juu na chini." Akayagonga kwa ukucha, ka-ka. "Umeona mtu anakufa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maranda. Na nilipokaa, nikakumbuka kwamba kabati langu liko vipande vipande na leo ni tarehe thelathini, nikaacha kucheka.

Mama ndiye aliyelitaja. "Haya. Mmecheka, nami nimecheka. Lakini mwezi umekwisha, na neno halijasemwa. Mdogo wangu, mapatano ni mapatano."

"Mapatano yalikuwa awe fundi," mjomba akasema.

"Yalikuwa useme zimeoana!"

"Dada, zimeoana amelisema Msumari leo mara tatu, na hakuna kilichooana. Hata kasuku tukimfuga atalisema." Akavuta penseli sikioni, akairudisha, kama afanyavyo akiwa na la kusema la maana. "Miaka kumi na tisa huyu bwana yuko hapa. Leo angetia gundi, meno yangu yangehamia kwa Mwalimu."

"Mimi nimeingiaje hapo?" Msumari akalalamika, anakwangua kiatu.

"Mtoto kaulizwa na mteja, mbele ya mama yake, siku ya mwisho. Kazi yake mwenyewe. Akasema bado." Mjomba akanitazama kidogo tu, akahamisha macho haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. "Mimi nilipokuwa na umri wake ningesema zimeoana na kukimbia."

"Lakini mjomba," nikasema, nikasimama, maranda yamenijaa kichwani, "Alhamisi karatasi ilikataa! Kila mahali! Kwa nini hukuniambia kosa ni nini?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Nilikuambia bado."

"Mjomba!"

Akapumua. Nadhani ilimuuma, maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja. Akatoa karatasi mfukoni. "Kiungo kinakaa pale maisha yake yote. Hapo karatasi isipite. Droo inaingia na kutoka kila siku, jua na mvua. Hapo karatasi ipite. Yote mawili ni kuoana. Lakini moja ni la kukaa, jingine ni la kuishi."

"Miaka miwili!" nikasema. "Miaka miwili ungeweza kusema sentensi hiyo moja!"

"Hujawahi kutengeneza droo," akasema, kwa mshangao wa kweli.

Mama alikuwa amekunja mikono. "Mnaona? Tabia zenu ndizo zinazooana nyie wawili. Mmoja hasemi, mwingine anasema siku ya kufukuzwa."

Mwalimu akaokota mwavuli. "Mimi mteja, nami nina neno. Narudi Jumamosi ijayo. Nataka kabati limaliziwe na huyu aliyeniambia bado. Nimenunua vitu maisha yangu yote. Hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia leo hulichukui." Akamshika mama mkono. "Twende, mama. Duka la fotokopi halikimbii."

"Jumamosi moja," mama akaninyooshea kidole akiwa mlangoni. "Moja tu!"

Nilifanya kazi wiki nzima, mvua juu ya bati. Nilizivua droo, nikazipiga randa ubavuni, nikiondoa pumzi moja ya ubao, kisha nyingine, nikipitisha karatasi kila mara. Sabuni niliikwangua yote. Msumari alisema maranda yangu yanafaa kufulia. Ijumaa karatasi ilizunguka kila droo bila kugusa, tarehe moja hadi thelathini na moja, na kwenye viungo ikakataa kama zamani. Droo zikafunguka kwa kidole kimoja. Kidole cha mwisho.

Jumamosi wakaja, Mwalimu mbele, mama nyuma, wamelowa mabega. Mama akatazama kabati. Akavuta droo ya juu kwa kidole, akaisukuma, akaivuta tena, akaisukuma tena, kama mtoto kwenye swichi ya taa.

"Haya," akasema. "Nani anasema?"

Sote tukageuka kumtazama mjomba. Alikuwa kwenye meza yake, anapiga randa ubao ambao hauhitaji randa. Akainua kichwa. Akatuonyesha mdomo wake uliofumbwa. Kisha akatuonyesha kikombe cha bluu dirishani, kimesuguliwa gundi yote, maji safi ndani, na ndani ya maji meno yake yakituchekea.

Yaani mzee yule alikuwa ameyavua makusudi.

Nikazunguka kabati mara moja. Nikapitisha karatasi pale inapopaswa kupita, nikaijaribu pale inapopaswa kukataa. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Zimeoana," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga, lakini ilitoka.

Msumari hakusubiri nirudie. Brashi ilikuwa hewani tayari. Mama hakupiga kigelegele. Alijifuta uso na kusema ni mvua, humu ndani, chini ya bati.

Walipoondoka kwenda kutafuta mkokoteni, mjomba akavaa meno yake. Akavuta kutoka chini ya meza stuli aliyokuwa anaitengeneza yeye mwenyewe, kwa mikono yake yenye miaka arobaini ya kazi, akaiweka mbele yangu. Akanipa karatasi ya kalenda.

"Pima."

Nikapenyeza karatasi kwenye mguu wa kwanza. Imekataa. Wa pili, imekataa. Wa tatu, imekataa. Wa nne nikainama, nikafumba jicho moja, nikasukuma taratibu. Ikaingia. Kidogo sana. Ungekuwa na huruma usingeona.

Nikamtazama. Nikakumbuka nyuma ya mlango, mistari mia moja na arobaini na tatu.

"Bado, mjomba," nikasema. "Tarehe mbili."

Alicheka mpaka akalazimika kuyashika meno kwa mkono.